Kalisto alipoteza akiba za wajane, kisha akawa Papa

KATIKA daftari za ubatizo za parokia zetu jina Kalisto lipo kwa wingi. Walioandikishwa kwa Kifaransa wanaitwa Calixte, waliozaliwa au kukulia Tanzania wanaitwa Kalisto. Lakini mwulize mmoja wao somo wake alikuwa nani, atakuambia alikuwa Papa na alikufa shahidi. Ukimwuliza kabla ya kuwa Papa alifanya kazi gani, hapo atanyamaza. Hata mafundisho ya kipaimara hayafiki huko.

Hilo ni jambo la kusikitisha, maana kama kuna mtakatifu ambaye watu wa Kobero, Rusumo, Gatumba na Mutukula wangepaswa kumjua kwa undani, ni huyo. Kalisto alikuwa mtu wa pesa. Pesa za watu zilimpotea mikononi, akakimbia, akakamatwa, akafungwa mbali na kwao, halafu akarudi. Akakuta wapo ambao hawakutaka kumwona.

Ndugu msomaji, swali la mtu wa namna hiyo tunalo huku kila msimu. Kikundi cha akiba kinavunjika, kiite upatu, ikimina au likelemba. Mweka hazina anavuka mpaka usiku. Inapita miaka mitano, inapita kumi. Siku moja anaonekana stendi na mabegi mawili na watoto ambao hatuwajui. Tumfanyeje? Wapo wanaosema apelekwe polisi kabla hajakaa. Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele. Mimi nasema kwanza tumsikilize Kalisto, kwa sababu Kanisa la Roma lilipambana na swali hilohilo zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, na halikulijibu kwa siku moja.

Kalisto aliishi Roma mwishoni mwa karne ya pili, na alikuwa mtumwa. Bwana wake aliitwa Carpophorus, Mkristo aliyetumika katika nyumba ya kaisari. Carpophorus alimkabidhi fedha nyingi ili afanye kazi ya benki katika mtaa ulioitwa Piscina Publica. Wajane na waamini wengine wakaanza kuweka akiba zao kwake. Hawakufanya hivyo kwa kuwa walimjua sana yeye, walifanya kwa sababu ya jina la Carpophorus. Hadi leo mambo ndivyo yalivyo: mtu anamwachia kijana wa dukani pesa zake kwa kuwa anamwamini mwenye duka.

Pesa zikapotea zote. Kalisto alipoona mambo yameharibika alikimbilia bandari ya Portus, akapanda meli iliyokuwa tayari kuondoka. Carpophorus akamfuata hadi majini. Kalisto alipomwona bwana wake anakaribia alijitupa baharini, mabaharia wakamwopoa na kumkabidhi. Akarudishwa Roma akatiwa kwenye kinu, kusaga nafaka kama adhabu.

Waliomtoa kwenye kinu hawakuwa marafiki zake, walikuwa haohao waliopoteza akiba. Walimwendea Carpophorus wakilia, wakasema Kalisto anadai pesa zake ziko kwa watu fulani, basi aachiwe akazikusanye. Mwenye kudai anajua kwamba mdeni aliyefungwa halipi. Kalisto akatoka, akaenda sinagogi siku ya Sabato akisema anawadai watu waliokuwamo. Ikazuka fujo, akafikishwa mbele ya Fuscianus, mkuu wa mji, akachapwa viboko na kupelekwa kwenye machimbo ya kisiwa cha Sardinia.

Huko machimboni walikuwako Wakristo wengine, waliofungwa kwa ajili ya imani. Marcia, suria wa kaisari Commodus, aliwahurumia, akamwomba Papa Victor orodha ya majina yao ili wafunguliwe. Papa akaandika orodha, na jina la Kalisto hakulitia. Tafakari hapo. Orodha ya wanaorudi nyumbani imefika, majina yanasomwa, lako halimo, na aliyeliacha ni mkubwa wa Kanisa lako mwenyewe. Waliowahi kusimama mbele ya meza ya kuandikishwa kambini wanajua maana yake. Kalisto alipiga magoti akalia mbele ya mjumbe aliyeleta barua, padri mmoja aitwaye Hyacinthus, mpaka akaingizwa miongoni mwa waliofunguliwa.

Akarudi. Papa Victor hakufurahi, maana waliotendwa walikuwa bado hai na Carpophorus alikuwa bado na kinyongo. Hata hivyo hakumtupa. Alimpeleka kukaa Antium, mji wa pwani kusini mwa Roma, akampangia posho ya kila mwezi ya kumwezesha kula. Kalisto alikaa huko miaka kadhaa. Papa mpya, Zephyrinus, ndiye aliyemwita mjini akamkabidhi kazi ya kuangalia makaburi ya Wakristo kwenye Njia ya Appia. Makaburi hayo ya chini ya ardhi yanaitwa kwa jina lake mpaka leo. Zephyrinus alipofariki, mnamo mwaka 217, Kalisto akachaguliwa kuwa Askofu wa Roma. Alifariki mnamo mwaka 222.

Sasa, habari hizi za aibu tumezipata wapi? Hakuna rafiki aliyeziandika. Mapokeo yanamtambua mwandishi kuwa ni Hipoliti, padri msomi wa Roma aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Kalisto. Hipoliti alichukizwa kuona Papa anawapokea tena watu waliofanya madhambi makubwa baada ya kutubu. Alichukizwa pia kuona anakubali ndoa za wanawake wa tabaka la juu na wanaume watumwa. Aliona Kanisa linageuzwa kuwa kichaka cha wakosaji, akajitenga na kundi lake. Kwa hiyo faili la Kalisto tunalolisoma liliandikwa na mtu aliyemchukia. Msomaji uliyerudi nyumbani ukakuta habari zako zimekwisha kusimuliwa na jirani aliyebaki na shamba lako, huhitaji kuelezwa zaidi. Faili la namna hiyo husomwa kwa uangalifu, lakini halichomwi moto, maana hata adui huweza kusema kweli.

Nami ninakiri kuwa Hipoliti ana hoja. Katika simulizi lake lote hasemi popote kwamba wajane walirudishiwa akiba zao. Hapo ndipo wale wanaosema yaliyopita si ndwele wanaponipoteza. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Lakini wahenga haohao walisema dawa ya deni kulipa. Ukimwambia mama aliyepoteza mtaji wa magunia manne ya maharage kwamba amsamehe mweka hazina kwa kuwa hata Papa Kalisto alisamehewa, umempa sala mahali pa magunia. Msamaha ni wake yeye autoe. Sisi wengine, ambao hatukupoteza kitu, hatuna haki ya kuutoa kwa niaba yake.

Watakatifu wengine wawili wanaweza kutusaidia hapa. Wa kwanza ni Omobono wa Cremona, mji wa kaskazini mwa Italia. Jina lake maana yake ni mtu mwema. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mwenye mke, hakuwa padri, wala mtawa, wala mfalme, na hakufa shahidi. Aliuza vitambaa, faida akaigawa kwa maskini, na katika mji uliokuwa umegawanyika kwa makundi yenye uhasama alijulikana kama mpatanishi. Alifariki kanisani wakati wa Misa, tarehe 13 Novemba 1197. Papa Inosenti wa Tatu alimtangaza mtakatifu tarehe 12 Januari 1199, yaani miezi kumi na minne tu baadaye. Ndiye msimamizi wa wafanyabiashara na washonaji. Omobono anatufundisha kwamba meza ya soko ni mahali pa kutafutia utakatifu kama ilivyo altare. Mita iliyopunguzwa na mizani iliyochezewa ni mambo ya kuungama, wala tusijidanganye kwamba ni ujanja wa biashara.

Wa pili ni Frumentius. Katika karne ya nne yeye na ndugu yake Edesius, wakiwa bado vijana, walisafiri na jamaa yao kutoka Tiro, Lebanoni ya leo. Meli yao iliposimama kutafuta maji na chakula kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wenyeji waliwashambulia na kuwaua wasafiri. Vijana hao wawili walikutwa wamekaa chini ya mti wakisoma, wakaachwa hai na kupelekwa kwa mfalme wa Aksum, dola iliyokuwa katika Ethiopia na Eritrea za leo. Mfalme alimfanya Edesius mnyweshaji wake, na Frumentius akampa hesabu na nyaraka zake. Mateka, mgeni asiye na ukoo wala mdhamini, akashika hazina ya mfalme! Alipofariki mfalme huyo, malkia aliwasihi wabaki wamsaidie mpaka mwanawe akue, wakabaki.

Frumentius alipokuwa na madaraka aliwatafuta wafanyabiashara Wakristo waliofika nchini humo kutoka dola ya Roma, akawapa mahali pa kukutana na kusali. Kwa hiyo ushirika wa kwanza wa Kikristo tunaousikia Aksum ulikuwa wa wachuuzi wa kutoka ng'ambo. Ulipofika wakati wa kuondoka, ndugu hao waliachana njia. Edesius alirudi kwao Tiro, akawa padri, na ndiye aliyemsimulia habari hizi Rufinus, mwandishi aliyetuhifadhia. Frumentius alikwenda Aleksandria kumwomba Askofu Atanasi atume askofu Aksum. Atanasi akamwambia hapana anayefaa kuliko yeye. Akawekwa wakfu, akarudi katika nchi iliyomteka. Waethiopia wanamwita Abba Salama, baba wa amani.

Nawaweka ndugu hawa pamoja na Kalisto kwa sababu moja. Frumentius alikabidhiwa daftari akiwa mateka, akalitunza, akaaminiwa kwa makubwa zaidi. Kalisto alikabidhiwa akiba akiwa mtumwa, zikapotea, ikamchukua miaka mingi kuaminiwa tena. Wote wawili leo wako katika orodha ya watakatifu. Ila njia ya Kalisto ilikuwa ndefu, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Tuiangalie njia hiyo kwa hatua zake. Kwanza alipewa chakula na mahali pa kukaa, mbali kidogo na waliokuwa na uchungu naye. Pili ikapita miaka. Tatu akapewa kazi ya makaburi, kazi ya heshima lakini isiyokimbiliwa na watu. Mwisho ndipo akapewa funguo. Hakuna aliyemrudisha Piscina Publica siku ya kwanza akamwambia aendelee na benki.

Maoni yangu ni kwamba jumuiya zetu ndogo ndogo na vikundi vyetu vya akiba vifanye vivyo hivyo. Anayerudi apokelewe, ale, alale, watoto wake wapelekwe shule bila kutupiwa maneno ya baba yao. Halafu akae mbele ya wanachama na mashahidi, deni liandikwe kwa tarakimu, apangiwe kulipa kidogo kidogo hata kama ni elfu mbili kwa siku ya soko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na toba nayo inahitaji daftari lake. Apewe kazi anayoweza kufanya, lakini sanduku la kikundi asilishike mpaka waliopoteza waseme wenyewe kwamba sasa inatosha. Na akimaliza kulipa asiitwe tena mwizi, hata kwa utani.

Kwa wanaodhani wao hawatarudi kutoka popote wakihitaji kupokelewa, nawakumbusha mwisho wa Hipoliti. Mwaka 235 kaisari Maximinus Thrax alimkamata yeye pamoja na Papa Ponsiano, mkuu wa upande aliokuwa akiupinga, akawapeleka wote wawili uhamishoni Sardinia, kisiwa kilekile alichochimba Kalisto. Mapokeo yanasema huko walipatana. Wote walifia uhamishoni, miili yao ikarudishwa Roma, na Kanisa linawakumbuka siku moja, tarehe 13 Agosti. Ponsiano alizikwa katika makaburi yaleyale yaliyotunzwa na Kalisto.

Mapadri na makatekista wa mpakani, tarehe 14 Oktoba ijayo msitutajie jina tu. Tusimulieni habari zote, za benki, za meli, za machimbo na za orodha isiyokuwa na jina lake. Msiwaruke wale wajane. Siku hiyo wadai na wadeni watakuwa wamekaa kanisani pamoja, pengine benchi moja.