Mgeni Tunayempiga na Mgeni Tunayemchinjia Kuku



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana mliorudi likizo kutoka mashuleni na vyuoni, leo tunaandika kwa uchungu. Tunaandika juu ya wageni wanaoingia katika maboma yetu hapa Kisoko, na juu ya namna sisi tunavyowapokea. Tunajua baadhi yenu mtakasirika. Kasirikeni, lakini someni mpaka mwisho.

Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita, kijana mmoja alipita usiku kwenye njia ya mashambani. Alikuwa peke yake, begi mgongoni, viatu kaviweka mkononi kwa sababu ya matope. Mtu mmoja akamwona karibu na zizi lake, akapiga nduru. Haikupita hata robo saa, watu zaidi ya thelathini walikuwa wamemzunguka na marungu. Aliyemwokoa ni mama mzee aliyetoka na taa akammulika usoni, akasema huyu ni mtoto wa dada wa jirani yetu. Kijana alikuwa anatoka kibaruani Tororo, amekosa usafiri, ameamua kutembea. Wakati mama anafika, meno mawili yalikuwa yameshatoka. Na tuseme ukweli wote: katika wale walioshika marungu walikuwemo watoto wetu wa madrasa.

Baada ya Idi ilikuja gari nyeupe. Ndani yake alikuwemo mwanamke wa makamo, baibui safi, salamu kamili bila kukosea herufi, na mwanamume aliyevaa kanzu. Hakuna aliyepiga nduru. Walichinjiwa kuku. Walilala siku mbili kwenye boma la wenzetu, wakazungumzia kazi za ndani Uarabuni, mishahara ya kutumwa nyumbani kila mwezi, nyumba ya bati mpya kwa baba na mama. Alfajiri ya siku ya tatu waliondoka na mabinti wawili. Mmoja wao bado alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Hakuna aliyeuliza jina kamili la yule mwanamke. Hakuna aliyeandika namba ya gari. Mwenyekiti wa LC1 alisikia habari hizo sokoni kama mtu mwingine yeyote.

Yule mwanafunzi alipofika Busia aliambiwa wangevuka usiku, si kwa lango bali kwa uchochoro. Akaogopa. Akaazima simu ya muuza chapati, akampigia mjomba wake, na alhamdulillahi akarudi. Mwenzake alivuka. Sasa tunamsikia kwa ujumbe wa sauti, mara moja kwa miezi kadhaa, akilia katika nyumba ambayo hata mtaa wake haujui.

Tunawauliza basi, ndugu zetu: kati ya wageni hawa, wa kutiliwa shaka alikuwa nani?

Tukitazama makosa yetu tunaona ni kosa moja lenye sura mbili. Mgeni maskini tunamhukumu bila kumuuliza, na mgeni mwenye gari tunamwamini bila kumuuliza. Hakuna tulichokijua kuhusu yule kijana, na hakuna tulichokijua kuhusu yule mwanamke. Tofauti ilikuwa viatu.

Wapo watakaosema: lakini sisi tuko mpakani, lazima tuwe wakali. Ni kweli tuko mpakani. Asubuhi uko Kisoko, kabla ya adhuhuri waweza kuwa Kenya, kwa Malaba au kwa Busia. Maboma yetu yametawanyika, kati ya nyumba na nyumba kuna mihogo na mtama uliokwenda juu kuliko kichwa cha mtu, na ukiita jirani usiku huenda asisikie. Ng'ombe wameibiwa hapa, hilo hatulikatai. Lakini mpaka huo huo ndio unaotulisha! Neno lenyewe bodaboda limezaliwa huku kwetu Busia miaka ya 1960, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili. Tangu 2014 Mganda na Mkenya wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Mwaka 2018 Busia ilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha, ambapo msafiri anakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Wageni watapita kwetu kila siku, wengi wao wachuuzi, wakwe, wafanyakazi wa msimu, wanafunzi. Ukimwita mwizi kila usiyemjua, utawapiga wana wa majirani mpaka lini?

Wanaosema ukali ndio usalama tunawakumbusha jambo la Tanzania. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, walifika watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao. Kazi yao ilikuwa udongo. Uvumi ukaenea kwamba ni wanyonya damu. Wanakijiji wakawaua wote watatu, gari lao likachomwa moto. Watu waliokwenda kuwasaidia wakulima! Na hapa Uganda ripoti za polisi za kila mwaka zinahesabu kwa mamia watu wanaouawa na makundi yenye hasira. Mbele ya sheria hayo ni mauaji, na kila aliyetupa jiwe ana sehemu yake. Mbele ya Allah (s.w.t.) je? Suratul Hujuraat imetuamrisha tuhakikishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya chache mbele ikatukataza dhana. Sura hiyo watoto wetu wanaihifadhi. Walikuwa nayo kifuani usiku ule na marungu mkononi.

Kwa hiyo tunasema wazi, na tunawaomba maimamu walisimamie: kipaza sauti cha msikiti kisitumike kamwe kutangaza mwizi. Nduru ni ya kuomba msaada. Mtu akishikwa, akae chini, asiguswe, aitwe mwenyekiti na polisi. Atakayempiga jina lake lipelekwe pia.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao kwa maoni yetu ni mbaya zaidi kwa sababu tunauita dini.

Tunaambiwa kumkirimu mgeni ni sunna. Naam, na nani anakataa? Lakini tumtazame Nabii Ibrahim (a.s.), imamu wa wakarimu. Qur'ani inatueleza katika Suratudh-Dhaariyaat kwamba waliingia kwake watu asiowajua. Akajibu salamu yao, akawaletea ndama aliyenona. Walipoacha kula alihisi hofu. Kisha akawauliza wametumwa jambo gani. Chakula kilitangulia, lakini swali halikusahauliwa. Sisi tumechukua ndama tukaacha swali. Tunaona aibu kumuuliza mgeni anatoka wapi, kana kwamba tutamvunjia heshima, na aibu hiyo ndiyo mlango anaoingilia mhalifu. Na Suratun-Nuur inamfundisha mgeni mwenyewe abishe hodi, atoe salamu, angoje ruhusa, na akiambiwa rudi arudi. Mgeni anayekasirika kwa kuambiwa angoje kidogo nje ameshajieleza nusu.

Yule mwanamke alilijua hili. Alijua kwamba baibui na salamu vitamfungulia kila mlango. Hatusemi tuwaogope waliovaa kwa stara, la hasha! Tunasema vazi si barua ya utambulisho.

Wazazi wenzetu, biashara hii ina historia na mnapaswa kuijua. Mwezi Januari 2016 serikali ya Uganda ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa ndani nchi za nje, baada ya vilio vya mateso kutoka Saudi Arabia na kwingineko. Katazo liliondolewa 2017 kwa makubaliano mapya. Katika muda huo na hata baadaye, walanguzi walizoea kupitisha mabinti Busia na Malaba hadi Nairobi, wakapandie ndege huko. Njia hiyo hiyo wamepitishwa watoto wa Karamoja, hasa kutoka Napak, waliokwenda kutumikishwa Nairobi. Sheria ya Uganda ya 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inasema kuridhia kwa aliyesafirishwa si utetezi, na akiwa mtoto, kuridhia kwa mzazi wake pia si utetezi. Baba uliyepokea bahasha, soma sentensi hiyo mara mbili.

Hatupingi kazi ya nje. Wapo dada zetu waliokwenda kwa njia halali wakasomesha wadogo zao. Lakini kampuni halali ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ina ofisi, na orodha ya kampuni hizo kijana yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta. Binti anasafiri kwa pasipoti yake mwenyewe na mkataba ambao familia imebaki na nakala yake. Mtu anayemwambia Mganda kwamba atavuka usiku kwa njia ya panya ili akapande ndege Nairobi, huyo hana kazi ya kutoa. Ana mzigo wa kuuza, na mzigo ni mwanao.

Kuna jambo ambalo hatukutaka kuliandika, lakini tukiliacha tutakuwa tumedanganya. Gari nyeupe haikujua njia ya boma lile. Kisoko si mji wenye majina ya mitaa. Mtu wetu aliiongoza, akalipwa. Hata mwizi wa ng'ombe anahitaji mwenyeji wa kumwambia usiku upi mwenye zizi hayupo. Kikulacho ki nguoni mwako. Hatutaji jina hapa, na tunamwomba mhusika aende mwenyewe kwa mwenyekiti kabla hatujakwenda sisi. Baba wa yule binti anaswali safu moja nawe.

Wengine watasema ulinzi ni kazi ya polisi. Kituo kiko mbali na boma lako, na mgeni anafika kabla ya askari. Wazee wanakumbuka mayumba kumi ya baada ya 1979, mpango tulioletewa kwa mfano wa Tanzania. Kenya nayo ilianzisha Nyumba Kumi mwaka 2013. Sisi tuna LC1, ambaye ana mhuri na daftari, na ambaye tunamkumbuka tunapotaka barua ya kitambulisho tu. Mgeni anayelala kijijini aandikwe kwake siku hiyo hiyo: jina, kitambulisho, anakotoka, mwenyeji wake. Hata mkwe wako. Hata sheikh mgeni, naye ndiye atakayefurahi zaidi kwa sababu hana cha kuficha.

Na nyumbani? Mgeni usiyemjua mpokee uani, chini ya mwembe, si sebuleni. Mpe maji, mpe kivuli, muulize anamtafuta nani, na umpigie huyo anayedai kutumwa naye, kwa namba unayoijua wewe, si namba anayokupa yeye. Mama aliye peke yake asiseme mzee hayupo. Aseme mzee anakuja, na amtume mtoto kwa jirani waziwazi, mgeni aone. Watoto wafundishwe kwamba mtu mzima asiye wa nyumbani hana siri na mtoto, hata akitoa pipi au simu achezee, na kwamba namba 116 inapigwa bure Uganda na Kenya kwa ajili yao. Vijana wa bodaboda tuwaheshimu badala ya kuwatukana, maana wao ndio wanaojua nani kashushwa wapi saa ngapi. Mwanafunzi yule aliokolewa na simu ya muuza chapati.

Wazee wanaolala peke yao wasiachwe. Mwaka 2021, Masaka na Lwengo, wauaji wa mapanga waliingia nyumba za watu usiku wakaua zaidi ya 20, wengi wao wazee. Mjukuu mmoja kulala kwa bibi si gharama kubwa. Na wale wanaotuambia mbwa ni haramu, wawaulize walimu wao: fiqhi imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba. Muweke nje, umlishe, usimpige.

Kuhusu binti aliyevuka, taarifa imeshapelekwa polisi, na familia inahifadhi kila ujumbe wa sauti na namba uliyotoka. Mwenye picha ya gari ile, au aliyeona hata sehemu ya namba yake, aje. Hatutamuuliza kwa nini alinyamaza.

Ijumaa hii baada ya swala, mwenyekiti wa LC1 atakuja msikitini na daftari jipya, na yule kijana wa kibaruani naye amealikwa. Wale thelathini wanajijua. Wafike mapema, wakae naye mbele.

Wassalaam.