Jino la Utoto, Mwanga Mwekundu na Maamuzi ya Wawili

Mwezi huu tuyaweke kando mambo ya nani kasahau bethdei ya nani. Tuzungumzie kitu kinachoweza kuwanyima usingizi watu watatu kwa usiku mmoja: jino la mtoto.

Wenye watoto wa miaka minne, mitano, mnanielewa. Saa nane za usiku mtoto anaamka analia, kashika shavu. Asubuhi mjadala unaanza. Baba anasema, "Si jino la utoto tu hilo? Mpeleke waling'oe, litaota lingine." Mama anakuja juu, "Ang'olewe gego akiwa na miaka minne, atatafuna na nini?" Bibi naye kwenye simu ana lake: karafuu. Halafu siku hizi kuna la nne. Mmoja wenu kasikia kwamba kuna madaktari wanaua vijidudu ndani ya mizizi ya jino kwa mwanga wa leza. Sasa mnaanza kuulizana: ni kweli, au ni njia nyingine ya kutoboa mifuko yetu?

Ni kweli. Ila kuna mambo ya kujua kabla hamjatoa pesa, na kabla hamjanuniana.

JINO LA MUDA, KAZI YA MIAKA

Mtoto ana meno ya utoto 20. Ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka 6 hivi, na hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu. Magego ya nyuma kabisa hayang'oki wakati huo. Yanakaa mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12. Kwa hiyo gego likitolewa akiwa na miaka 4, pengo linaweza kumkalia miaka sita na zaidi.

Na pengo halitulii. Kwenye miaka 6 gego la kwanza la ukubwani linaota nyuma ya yale ya utoto. Likikuta mbele yake pako wazi, linasogea. Jino lililokuwa na miadi ya kuota pale linakuja kukuta nafasi yake imeliwa, nalo linaota kombo au linabaki limekwama. Hapo mtakuwa mnazungumzia waya za kunyooshea meno, na bei zake si za kutania.

Ndiyo maana daktari akiona linaokoleka, anajaribu kuliokoa. Ikiwa uozo umefika mpaka kwenye nyama laini ya ndani na nyama hiyo imekufa, anafanya tiba ya mizizi. Anapiga ganzi, anafungua jino, anatoa uchafu kwenye mifereji ya mizizi, anaosha, kisha anajaza dawa laini inayoweza kuyeyuka. Kwa nini iyeyuke? Kwa sababu mwili wa mtoto wenyewe utakuja kuula ule mzizi taratibu ili kulipisha jino la ukubwani. Mwisho jino linavalishwa kofia, mara nyingi ya chuma, maisha yanaendelea.

VIJIDUDU VINAJIFICHA WAPI?

Inasikika rahisi, lakini mifereji ya meno ya utoto ni mitihani. Ni myembamba, imepinda, ina vichochoro vya pembeni kama mitaa ya uswahilini, na kuta zake ni nyembamba. Daktari hawezi kukwangua kwa nguvu kama anavyofanya kwa mtu mzima, maana atatoboa. Hawezi pia kumimina dawa kali ovyo, kwa sababu chini ya mizizi hiyo jino la ukubwani linaendelea kujengwa.

Moja ya dawa za kuoshea ni sodiamu hipokloraiti, ile ile iliyomo kwenye jiki, ila kwa kipimo cha kitabibu. Inafanya kazi nzuri. Lakini vijidudu vingine vinabaki vichochoroni, na kuna sugu kama Enterococcus faecalis vinavyoweza kuvumilia mazingira magumu. Vikibaki vya kutosha, usaha unaweza kurudi miezi baadaye, na jino mlilolilipia linakuja kung'olewa.

MWANGA UNAINGIAJE HAPO?

Baada ya kusafisha kama kawaida, daktari anaweka rangi ndani ya mfereji. Inayotumika sana ni methilini bluu. Anaiacha dakika chache ishike kwenye vijidudu. Kisha anamulika kwa mwanga mwekundu wa leza yenye nguvu ndogo, mara nyingi wa urefu wa mawimbi wa nanometa 660 hivi, akitumia uzi mwembamba unaopeleka mwanga mpaka ndani. Rangi ikipigwa na mwanga huo inaamsha oksijeni iliyo jirani na kuifanya kali. Oksijeni hiyo ndiyo inayotoboa ngozi ya kijidudu na kukiua. Kazi inaisha pale pale taa inapozimwa.

Kwa hiyo tuelewane: leza hii haichomi jino. Rangi peke yake haitoshi, na mwanga peke yake hautoshi. Ni kama ndoa, vinafanya kazi vikiwa viwili. Na msiuchanganye na ule mwanga wa bluu ambao wengi tumeuona kwa daktari wa meno. Ule ni wa kugandisha dawa nyeupe ya kuzibia, ni habari nyingine kabisa.

Wala wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1900, mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, Ujerumani, Oscar Raab, alitoa taarifa kwamba viumbe vidogo vya majini vilivyowekwa kwenye rangi ya akridini vilikufa vikipigwa na mwanga, lakini gizani vilivumilia. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Na methilini bluu yenyewe ilishatumika kutibu malaria mwaka 1891, miaka mingi kabla ya klorokwini. Kilichochelewa ni kuvipeleka vyote hivi ndani ya jino la mtoto, na huko watafiti wa Brazil wamefanya kazi kubwa.

SASA TULIPIE AU TUSILIPIE?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye mtego. Vipimo vinaonyesha kuwa mwanga huu ukiongezwa, vijidudu ndani ya mfereji vinapungua. Hilo si dogo. Lakini tafiti kwa watoto bado ni chache na nyingi ni ndogo, na hazijathibitisha kwa uhakika kwamba meno yaliyomulikwa yanadumu zaidi kuliko yaliyosafishwa vizuri kwa njia ya kawaida. Mwanga ni msaidizi. Fundi mwenyewe ni mkono wa daktari unaosafisha, kuziba na kufunika jino sawasawa.

Kwa hiyo kama daktari wenu anacho kifaa na bei mnaimudu, vizuri. Kama hana, mtoto wenu hajaonewa. Msikae miezi mitatu mnachangishana pesa ya leza wakati usaha unakula mfupa. Na mkiambiwa kwamba mkimulikiwa basi hakuna haja ya kusafisha mizizi, chukueni mtoto wenu muondoke.

Kabla ya kukubali, ulizeni haya bila aibu. Moja: picha ya eksirei inaonyesha mizizi bado ina urefu wa kutosha? Kama imeshaliwa sana, au maambukizi yamelisogelea jino la ukubwani, kung'oa ndiyo tiba sahihi, na daktari anaweza kuweka kifaa cha kushikilia nafasi. Mbili: bila mwanga, tiba ingekuwa shilingi ngapi, na nyongeza ni ya nini hasa? Tatu: mtoto atavalishwa miwani maalum ya kukinga macho? Nne: rangi itaoshwa vizuri? Maana ikiachwa inaweza kulitia jino bluu.

Na kama mtoto ana upungufu wa G6PD, mwambieni daktari mapema. Upungufu huo upo kwetu ukanda wa malaria, na methilini bluu ikiingia mwilini mwa mtu wa aina hiyo inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Ndani ya jino kinatumika kiasi kidogo sana, lakini daktari ndiye anayetakiwa kupima hilo, akiwa na taarifa zote.

WAKATI MNAJADILIANA

Msimcheke sana bibi. Ndani ya karafuu kuna eujeno, na madaktari wa meno wameitumia miaka mingi kwenye dawa za kujazia, hata za mizizi ya meno ya utoto. Lakini mafuta ya karafuu nyumbani yanaweza kuchoma fizi za mtoto, na akiyameza yanaweza kumdhuru. Asprini msimpe, wala msimbandikie kwenye jino. Parasetamo ya watoto kwa kipimo cha uzito wake inatosha kuwafikisha asubuhi.

Na hili baba wa nyumba alisikie vizuri: maumivu yakikoma ghafla yenyewe, msishangilie. Mara nyingine maana yake ni kwamba mshipa umekufa, na vijidudu vimepata nyumba tulivu. Mtoto akivimba uso au jicho, akipata homa, akishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hapo hakuna kikao. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Jamani, nimeona jino dogo likizua ugomvi mkubwa. "Wewe ndiye unayempa pipi." "Wewe ndiye hukutoa hela ya kliniki." Mtoto yuko katikati, shavu limevimba, anasikia kila neno na anaanza kuamini kuwa kuumwa ni kosa lake. Nendeni wote wawili kumwona daktari, hata kama mmoja ataomba ruhusa kazini. Anayelipa asikie mwenyewe kwa nini analipa, na anayeshinda na mtoto asibebeshwe uamuzi peke yake.

Halafu mkirudi, anzeni na mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Chupa ya maziwa au juisi isilale naye kitandani. Na msisubiri aumwe ndipo aonane na daktari wa meno kwa mara ya kwanza. Inashauriwa awe ameshamwona anapotimiza mwaka mmoja.

Leo usiku kabla hajalala, mwambieni afungue mdomo, mmulike kwa tochi ya simu. Mkiona doa jeupe kama chaki au la kahawia, pangeni siku ya kwenda, wiki hii hii. Doa likiwahiwa mapema, huenda msifike hata kwenye mizizi, achilia mbali leza.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni!