Deni la Waliosoma: Ilani Yetu ya Likasi

Sisi tuliokutana Likasi ni walimu, wauguzi, mawakili, wahandisi wa mgodi waliostaafu na wanafunzi wa chuo kikuu. Tuko watoto wa Wasanga, wa Walunda, wa Wabemba, wa Waluba wa Katanga na wa Waluba wa Kasai. Wengi tulizaliwa hapa hapa, Panda, Kikula na Shituru. Tumekubaliana tusianze kwa kuwalaumu wanasiasa. Tunaanza na sisi wenyewe.

Mezani petu palikuwa na daftari la mahudhurio la mwaka wa shule 1992–1993, lililohifadhiwa na mwalimu mmoja kwenye sanduku la nguo. Ukurasa wa kwanza majina yamejaa. Kadiri unavyofunua, majina yanapigwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni, mahali pa kuandika "mgonjwa" au "amehama", pameandikwa neno moja: stesheni. Stesheni, stesheni, stesheni, mpaka chini.

Mtu mzima wa Likasi haulizi maana yake. Mwezi wa nane 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa mkoa wetu, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa chama cha UFERI wakawageuzia kibao majirani. Wakasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Watu walitolewa katika nyumba zao, wakalala stesheni na mashuleni kwa miezi chini ya maturubai, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Mwene-Ditu, kule Kasai, na mbele zaidi, katika nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengine walikufa hapo hapo relini kwa maradhi na njaa. Katanga nzima, waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu. Na Kyungu na Tshisekedi walikuwa kati ya wabunge 13 waliomwandikia Rais Mobutu barua ya kumpinga mwaka 1980! Watu waliothubutu pamoja namna ile waliishia kila mmoja na kabila lake nyuma yake.

Sisi tulikuwa wapi? Baadhi yetu tulikuwa tayari walimu na makarani. Tulijua kuandika, tulijua sheria, tulijua historia ya mji huu. Tulifunga madirisha.

Mwaka 1993 huo huo damu ilimwagika Masisi, kule Kivu Kaskazini. Kule ugomvi ulihusu karatasi za uraia. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi walioingia Kivu kabla ya 1950, kisha sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Wasomi wengi hujibu kwamba tukiitengeneza sheria, ugomvi utakwisha. Lakini tazameni Likasi. Hakuna aliyesema Mkasai si raia wa Zaire. Karatasi zake zilikuwa safi, na bado alifukuzwa. Leo Katiba ya 2006, ibara ya 30, inampa kila mtu haki ya kukaa anapotaka nchini, na bado tunasikia sokoni mtu akiambiwa "rudi kwenu". Sheria ni ya lazima, tutaitetea, ila haiwezi kufanya kazi ambayo sisi tumeikimbia.

Kazi hiyo ni ya maneno, na maneno hayo waliyatia makali watu waliosoma. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ndiyo iliyowaita watu: kwanza kutoka ng'ambo ya mpaka wa Rhodesia, kisha Kasai, hata Ruanda-Urundi. Reli ya kwenda Kasai ilipokamilika mwaka 1928, njia ikawa nyeupe. Waliokuja walikula posho moja na wenzao, wakaoana, wakazaa. Kisha ukaja uchaguzi wa miji wa 1957, na viti vikubwa vya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, vikaenda kwa watu wa nje ya Katanga. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kikazaliwa, na wenye elimu wake wakaanza kuandika juu ya "Wakatanga halisi". Wivu wa uchaguzi mmoja ukavishwa suti ya hoja. Hoja hiyo ndiyo iliyotolewa kabatini 1992, na suti yenyewe haijachakaa: mwaka 2021 muswada uliotokana na wazo la mchumi Noël Tshiani ulitaka vyeo vya juu vya nchi viwe vya waliozaliwa na baba na mama Wakongomani tu.

Hatusemi msomi aingie vitani upande wa pili. Profesa Ernest Wamba dia Wamba alifundisha historia Dar es Salaam kwa miaka mingi, akaandika vizuri juu ya mazungumzo na demokrasia. Mwaka 1998 akakubali kuongoza uasi wa RCD uliosukumwa kutoka nje, na kalamu yake ikazama katika milio ya bunduki. Tunamtaja kwa huzuni.

Tuna mifano mingine ya kushika. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu cha Katanga historia ya Elisabethville kama walivyoijua waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu. Mwaka 2000 mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walianza kukusanya kumbukumbu za wakazi wa mji, vitu vyao na sauti zao. Huko ndiko tunakotaka kwenda, na Likasi ina mengi ambayo hayajaandikwa.

Basi tunaahidi haya. Hatutamwandikia mwanasiasa yeyote hotuba inayogawa watu kwa udongo wa babu zao, hata akilipa vizuri, hata akiwa ndugu. Mtu akiitwa mdudu redioni au kanisani, tutajibu siku hiyo hiyo, kwa majina yetu, na wa kwanza kujibu atakuwa yule wa kabila la msemaji. Neno la ndugu haliwezi kuitwa la adui. Tutaandika kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa. Tutasikiliza pia wenyeji wanaosema kazi na ardhi vilipita juu ya vichwa vyao, maana malalamiko yao ni ya kweli, na aliyeyadharau jana alimpa mchochezi kuni.

Hatujajipa jina, na hatuna kiti cha rais. Tunalo daftari. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tutakuwa stesheni ya Likasi na meza mbili: moja kwa waliolala pale, moja kwa waliobaki mjini wakitazama. Mwalimu atakuja na daftari. Aliyelijua jina mojawapo lililopigwa mstari, aje atueleze mtoto huyo alifika wapi.