Dalali si mshenga, mnunuzi si bwana harusi

JICHO LA WIKI
Na Salma Mwinyikombo

Binti anatoka kwenye kambi ya waliokimbia vita katika jimbo la Kachin, kaskazini mwa Myanmar. Ameahidiwa kibarua ng'ambo ya mpaka, China. Anayempeleka ni mtu anayemwamini, rafiki au hata ndugu wa damu. Njiani anapewa kitu anywe. Akizinduka, yumo katika chumba kilichofungwa kwa nje, na mwanamume ambaye hata lugha hawaelewani anaambiwa ndiye mumewe.

Shirika la Human Rights Watch liliwahoji wanawake 37 waliopitia mkasa huo, likatoa ripoti mwaka 2019. Waliuzwa kwa dola 3,000 hadi 13,000. Walibakwa mpaka wakashika mimba. Baadhi waliambiwa wakishazaa wako huru kuondoka, ila mtoto abaki. Wapo waliorudi Kachin mikono mitupu, na hadi leo hawajui mwana wao analelewa na nani.

Huyo mnunuzi alikosaje mke kwao? Jibu linaanzia mwaka 1980, China ilipowabana wazazi kwa sera ya mtoto mmoja. Kwa mkulima asiye na pensheni, mtoto wa kiume ndiye atakayemlisha uzeeni na kuendeleza ukoo. Binti ataolewa aende zake. Kuanzia mwaka 1984 vijiji vingi vikaruhusiwa mtoto wa pili endapo wa kwanza ni wa kike. Yaani serikali yenyewe ilikubali kwamba binti peke yake hatoshi! Kisha utrasaundi ikaenea, na mimba za watoto wa kike zikatolewa kwa wingi. Kwa kawaida, kwa kila wasichana 100 huzaliwa wavulana wapatao 105. Mwaka 2004 China walizaliwa wavulana kama 121.

Sensa ya mwaka 2020 ilikuta wanaume wamewazidi wanawake kwa karibu milioni 35. Ukomo wa mtoto mmoja uliondolewa mwaka 2016, lakini mabinti waliozuiwa kuzaliwa miaka ya tisini hawakurudi. Wasichana wa vijijini nao wanahamia mijini, na mahari, wanayoiita caili, imepanda hadi kumshinda mkulima maskini. Wachina humwita mwanamume wa aina hiyo guanggun, tawi tupu. Hapo ndipo dalali anapobisha hodi: kuna mwanamke wa Myanmar, wa Vietnam, wa Korea Kaskazini, kwa bei nafuu. Mwaka 2019 shirika la habari la AP lilifichua orodha ya wachunguzi wa Pakistan yenye wasichana na wanawake 629 waliouzwa kwa wanaume wa China.

Mtaniambia hata sisi tunatoa mahari. Tunatoa, lakini mshenga huenda kwa wazazi mchana kweupe, na bibi harusi huulizwa kama ameridhia. Wapo pia wanawake wa Vietnam walioolewa China kwa hiari yao, hao siwasemi. Ninayemsema ni yule aliyehesabiwa fedha bila kuulizwa, na sikubali kutekwa kwake kuitwe ndoa.

Upweke wa mwanamume aliyemnunua naufahamu, na hakuuchagua. Hata hivyo, alipoufunga ule mlango kwa nje alijua anachokifanya. Tukiwakamata madalali pekee, mteja atabaki na fedha mkononi akimsubiri dalali mwingine.

Januari 2022 video ilimwonyesha mama wa watoto wanane akiwa amefungwa mnyororo shingoni, wilaya ya Feng, mkoa wa Jiangsu. Yeye ni Mchina aliyeuzwa kutoka Yunnan, na taifa zima lilighadhibika. Mumewe alihukumiwa miaka tisa mwaka 2023, kwa kosa la kumtesa na kumfungia. Kwa kumnunua hakuhukumiwa.

Mwaka huohuo wa 2022 baadhi ya wajumbe wa Bunge la China walitaka adhabu ya mnunuzi iongezwe. Nawaunga mkono kwa moyo wangu wote, na wabunge wenzao wawasikilize. Sheria ya China inamruhusu hakimu kumpeleka muuzaji wa mwanamke hadi kwenye adhabu ya kifo. Kwa kosa la kununua, kifungu cha 241 kinaishia miaka mitatu.