Mgonjwa na Aulizwe Uji

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana ya methali hii haina utata: aliye taabani huhitaji kupewa, hahitaji kusailiwa. Hekima hii imetufaa kwa vizazi vingi. Hofu yangu ni kwamba tumeitoa jikoni tukaipeleka katika vyumba vya madaktari, mahali ambapo uji si wa aina moja tena, na wapishi wenyewe hawajaafikiana ni upi unaomfaa mgonjwa.

Mfano wangu leo ni saratani ya kongosho, na hasa swali moja linalowagawanya mabingwa wa maradhi hayo ulimwenguni: je, mgonjwa apewe tiba ya mionzi kabla ya kupasuliwa, au asipewe? Yamkini msomaji atadhani kwamba swali hili ni la madaktari peke yao, na kwamba halimhusu mwalimu wala mwanafunzi. Nami nilidhani hivyo hadi lilipobisha hodi katika ukoo wetu.

Mjomba wangu alifundisha hesabu katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Baada ya kustaafu, macho yake yaligeuka manjano na uzani wake ukapungua kila mwezi. Siku ya kupewa majibu nilifuatana naye. Daktari, alipotambua kwamba nafundisha chuo kikuu, alinigeukia mimi na kusema Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mjomba aliketi baina yetu kama mzigo unaopatanwa bei. Nikawa mkalimani. Nilipofikia istilahi inayotaja hatua ya ugonjwa, nilisema tu kwamba uvimbe uko "mpakani". Mzee akanitazama. "Mpwa wangu," akauliza, "mpaka wa nini na nini?"

Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefasiri neno pasi na kufasiri maana.

Daktari alichukua kalamu na kipande cha karatasi. Akaeleza, safari hii kwa Kiswahili kisichokuwa na dosari kubwa, kwamba kongosho ni tezi iliyojificha nyuma ya mfuko wa chakula. Kazi yake ni kutoa maji ya kusaga chakula na homoni ya insulini inayodhibiti sukari mwilini. Kichwa cha tezi hiyo hupakana na mishipa mikubwa ya damu inayolisha utumbo. Uvimbe usiogusa mishipa hiyo hupasulika. Uliozingira ateri kuu ya utumbo kupita nusu ya mzingo wake, aghalabu haupasuliki. Ule unaoigusa ateri hiyo kwa nusu ya mzingo au pungufu ndio unaoitwa wa mpakani. Daktari alichora duara, akatia alama. "Nyuzi 180," mjomba akasema kabla hajaambiwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mgonjwa alikuwa ndani ya mazungumzo yanayomhusu.

Hapo ndipo swali la mionzi lilipojitokeza. Ni vyema tulieleze kikamilifu, kwa kuwa hoja yangu yote imejengwa juu yake.

Wanaounga mkono mionzi kabla ya upasuaji wana sababu nzito. Upasuaji wa kichwa cha kongosho, unaojulikana kwa jina la daktari Mmarekani Allen Whipple, ni miongoni mwa upasuaji mgumu kupita wote. Wagonjwa wengi hutoka humo wakiwa dhaifu mno hata wasiweze kupokea tiba nyingine iliyopangwa kufuata. Basi, wanasema, tiba itangulie mwili ukiwa bado na nguvu. Mionzi huweza kuua chembe za saratani zilizo kwenye kingo za uvimbe, palipokaribiana na mishipa, ili kisu cha mpasuaji kisiache mabaki. Isitoshe, miezi ya kungoja hufichua yale yaliyofichika: ikiwa saratani ilikwisha kusambaa kimyakimya, picha za baadaye zitaonyesha, na mgonjwa ataepushwa na upasuaji usiomfaa.

Wanaopinga nao hawakosi hoja. Mionzi ni tiba ya mahali pamoja, ilhali saratani ya kongosho huua hasa kwa kusambaa hadi kwenye ini na kwingineko. Dawa za kemikali husafiri na damu mwili mzima, mionzi haisafiri. Kila wiki inayotumiwa kwa mionzi yaweza kuwa wiki iliyopokonywa dawa. Kadhalika, utumbo umekaa jirani na kongosho, nao huweza kudhurika. Uchovu, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula si mambo madogo kwa mtu ambaye tayari amekonda.

Utafiti nao wasemaje? Kule Uholanzi, wagonjwa 246 waliokuwa na uvimbe unaopasulika au wa mpakani waligawanywa kwa kura katika makundi mawili kati ya mwaka 2013 na 2017. Kundi moja lilipasuliwa moja kwa moja, kisha likapewa dawa. La pili lilitanguliziwa mionzi kwa vipimo 15 pamoja na dawa ya jemsitabini. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa katika urefu wa maisha. Matokeo ya mwaka 2022, baada ya wagonjwa kufuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, yalileta sura nyingine: baada ya miaka mitano, asilimia 20.5 ya waliotanguliziwa tiba walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 6.5 ya waliopasuliwa kwanza.

Msomaji asifanye pupa ya kuhitimisha. Mwaka huo huo wa 2022, Marekani ilichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa mpakani. Wote walipewa mchanganyiko wa dawa uitwao FOLFIRINOX, ulio mkali kuliko jemsitabini. Baadhi yao waliongezewa mionzi kabla ya kupasuliwa. Kundi la mionzi lilisitishwa kabla ya wakati kwa kuwa halikuelekea kufikia lengo lililowekwa. Baada ya miezi 18, asilimia 66.7 ya waliopewa dawa pekee walikuwa hai; kwa walioongezewa mionzi, ilikuwa asilimia 47.3. Hata hivyo, utafiti huo haukuundwa kupima kundi moja dhidi ya jingine. Kila kundi lilipimwa dhidi ya matokeo ya zamani. Waholanzi nao walifanya utafiti wa pili, wakishindanisha FOLFIRINOX bila mionzi na jemsitabini pamoja na mionzi. Tukiwapanga wagonjwa wa kila kundi kwa safu kulingana na muda waliokaa duniani, yule wa katikati aliishi kwa takriban miezi 21 hadi 22, awe wa kundi hili au lile.

Mwalimu yeyote wa hesabu atatambua tulipofika. Takwimu hazitoi amri. Zinasema kwamba kutanguliza tiba huweza kuwafaa wagonjwa wa mpakani. Hazisemi kwa kauli moja kwamba mionzi yenyewe ndiyo iliyoleta manufaa, wala kwamba yaongeza chochote pale ambapo dawa kali zinavumilika. Mtu mwenye nguvu huenda akashauriwa dawa kwanza. Mwingine asiyeziweza dawa hizo huenda mionzi ikamfaa. Mwingine atapewa vyote viwili kwa zamu.

Basi ikiwa elimu yenyewe imefika njia panda, ni nani anayestahili kuamua? Jawabu langu ni kwamba daktari ajuaye maradhi aamue pamoja na mgonjwa ajuaye maisha yake. Daktari hawezi kujua kwa kutazama picha kwamba mzee huyu anaishi mwendo wa saa saba kutoka kwenye mashine ya mionzi, kwamba hana jamaa wa kumpa malazi mjini, au kwamba anatamani kuwa nyumbani mwezi wa Desemba, bintiye atakapoolewa. Kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini iliyotoa tiba ya mionzi. Vituo vimeongezeka tangu wakati huo, lakini kwa familia nyingi safari ingali ndefu, na nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea havimo katika kadi ya bima. Mambo haya ni sehemu ya tiba, wala si porojo za pembeni.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu chake cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, manufaa, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa. Sheria hiyo yaongeza kwamba maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwenye karatasi hatuna upungufu. Upungufu wetu uko kwenye ndimi.

Tazama vitenzi viwili tu: kutibu na kuponya. Kiswahili kimevitenganisha vyema: waweza kutibiwa usipone. Lakini daktari anaposema "tutakutibu", mgonjwa mwenye hofu husikia "utapona". Au chukua kitenzi kuchomwa, ambacho husikika sana watu wanapozungumzia mionzi. Anayesikia kwamba "atachomwa" hufikiria moto na makovu, naye huweza kutoroka tiba ambayo ingemfaa. Vilevile, familia inapoambiwa kwamba upasuaji utangoja, hudhani kwamba daktari amekata tamaa, ilhali kungoja huko ndiko tiba yenyewe. Haya hayatokani na umaskini wa Kiswahili. Neno kongosho lipo, mionzi lipo, na Kamusi ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa tangu mwaka 2003. Tulichokosa ni mazoea ya kuyatumia maneno hayo mbele ya anayeumwa.

Nitapingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba madaktari wetu ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini maelezo aliyopewa mjomba wangu juu ya kile kipande cha karatasi hayakuzidi dakika kumi, na yalichukua nafasi ya dakika ishirini za Kiingereza ambazo hazikumfaa yeyote. Hoja ya pili ina uzito zaidi: wapo wagonjwa wasiotaka kujua, na wapo wazee wanaopendelea wana wao waamue. Hawa nao waheshimiwe. Ila hata kukataa kujua ni uamuzi, na hatuwezi kuutambua bila kumuuliza mwenyewe. Kumnyamazia mtu kisha kudai kwamba amechagua kimya si heshima.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu vya udaktari na uuguzi vifundishe na kutahini mawasiliano na mgonjwa kwa Kiswahili, mwanafunzi apewe alama kwa jinsi anavyoeleza hatari na manufaa. Pili, idara zetu za Kiswahili, yangu ikiwemo, zishuke kutoka minarani. Wanafunzi wa tafsiri wanaorudia kila mwaka matini zile zile za fasihi wanaweza kushirikiana na madaktari kuandaa maelezo sahili ya tiba, yakajaribiwe kwa wagonjwa wenyewe. Tatu, walimu wa shule wawazoeze wanafunzi kuuliza. Ugonjwa huu ni upi na umefika wapi? Kuna njia gani za tiba? Kila njia itanipa nini na kuninyima nini? Nikingoja itakuwaje? Mtoto anayezoea kumuuliza mwalimu bila kuogopa hatashindwa kumuuliza daktari atakapokuwa mtu mzima.

Mjomba aliuliza maswali hayo yote siku ile. Mwishowe alichagua kuanza na dawa za kemikali, akasema kwamba habari ya mionzi itazungumzwa baada ya picha za pili. Baada ya miezi minne picha hizo zilionyesha kwamba saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Hakupigwa mionzi, wala hakupasuliwa. Alirudi nyumbani akiwa na dawa za maumivu, na huko akafariki kabla ya mwaka kwisha.

Sidai kwamba maelezo ya Kiswahili yangemponya. Saratani hii ingali miongoni mwa zile zinazoua upesi, na wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Nasema tu kwamba miezi ile ilikuwa yake, naye aliipanga akijua anachokipanga. Katika karatasi alizoziacha nilikikuta kile kipande chenye mchoro wa duara, na kando yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni, alikuwa ameandika: nyuzi 180. Alikuwa mgonjwa, lakini aliulizwa uji, na alijua ni upi anaoutaka.