Mkoche ni mti gani?

Wadau, juzi nilimuuliza kijana wa bodaboda hapa kwetu Mikocheni maana ya jina la mtaa wake. Akacheka: "Bosi, si jina tu!" Sikuweza kumcheka, maana mimi mwenyewe nimejua ukubwani kwamba mkoche ni mti, ndugu yake mnazi. Na mimi eti ni mwandishi wa habari, nimesoma chuo!

Chuoni tulikuwa na kozi ya utamaduni. Tuligawana madesa, tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Hakuna aliyetutuma kwa mzee hata mmoja wa Kizaramo, ilhali tunaishi kwenye ardhi ya babu zao.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia pale Mlimani walipelekwa vijijini, wakakaa na wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waliandika walichosimuliwa. Wangechelewa miaka kumi tu, wengi wangewakuta makaburini.

Leo zamu ni yetu. Waliohamishwa kwenye Operesheni Vijiji miaka ya 1970 wakiwa vijana, sasa ni wazee wa miaka sabini na kitu. Kila msiba unaondoka na kurasa zake.

Ushauri wangu kwa vyuo: asihitimu mtu mpaka amrekodi mzee mmoja, kwa lugha ya mzee huyo, na kanda ibaki maktaba. Simu tunazo, kinachokosekana ni kutumwa.

Nawasilisha. Wewe mtaa wako unaitwaje, na kwa nini?