Andalio la Somo la Siku ya Kwanza

Mwalimu yeyote aliyewahi kukaguliwa darasani anajua kitu cha kwanza anachoulizwa. Mkaguzi, ambaye Tanzania siku hizi huitwa mthibiti ubora wa shule, haanzi kwa kusikiliza sauti wala kutazama ubao. Anaomba andalio la somo. Anaangalia idadi ya walioandikishwa na waliohudhuria, umahiri uliokusudiwa, zana, dakika za kila hatua, kisha safu mbili zilizopangwa bega kwa bega: kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi. Safu ya mwanafunzi ikiwa imejazwa neno moja tu kutoka juu hadi chini, "kusikiliza", mwalimu huyo ana maelezo ya kutoa.

Sasa ichukuliwe ratiba ya mafunzo elekezi ya wanafunzi wa uzamili wa ualimu katika chuo kikuu cha Kikristo, ijazwe kwenye fomu hiyohiyo. Saa mbili asubuhi, ibada ya ufunguzi. Saa tatu, Makamu Mkuu wa Chuo. Baada yake mkurugenzi wa masomo ya uzamili, mhasibu, mkutubi, mshauri wa wanafunzi, mtu wa TEHAMA, kasisi wa chuo, na muda ukibaki, kiongozi wa serikali ya wanafunzi, ambaye muda haumbakii kamwe. Kazi ya mwanafunzi: kusikiliza. Kesho yake: kusikiliza. Si kila chuo kinafanya hivyo, lakini aliyepitia zaidi ya kimoja ataitambua ratiba hii bila kuonyeshwa nembo. Ukumbini wamekaa watu wazima waliokuja kujifunza namna ya kumshirikisha mwanafunzi, nao wanasomewa slaidi zilizosheheni maandishi na mtu aliyewapa mgongo.

Toleo hili linahusu siku hizo za kwanza, na jarida lina msimamo wake. Mafunzo elekezi ya walimu ni somo, tena ni somo la kwanza la ualimu wanalopewa na chuo. Yapimwe basi kwa vipimo vya somo.

Kwanza, nani yuko ukumbini? Wako wa aina mbili, na mara nyingi wanapokelewa kana kwamba ni aina moja. Wapo waliokuja kusoma stashahada ya uzamili ya elimu: mtu ana shahada yake ya kilimo, ya uhasibu au ya sayansi, anataka kuingia darasani, lakini hajawahi kushika azimio la kazi wala kusahihisha daftari moja. Wapo pia waliokuja kusoma shahada ya uzamili. Huyu ni mwalimu wa miaka kumi na mitano, pengine mkuu wa shule au afisa elimu kata. Barua yake ya kuomba ruhusa ya masomo imepita kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na haikupita haraka. Ada anailipa mwenyewe, kwa awamu. Nyumbani ameacha watoto, na wa kwanza wao naye yuko chuo. Akifika, anaelezwa kwamba ni marufuku kupika bwenini.

Kwa hiyo mmoja anahitaji kuonyeshwa darasa lilivyo, na mwingine anahitaji kuulizwa darasa lilivyo. Kuwachanganya si dhambi, hata ingekuwa vizuri sana wakae pamoja, mkongwe amweleze mgeni, mradi wapewe nafasi ya kuongea.

Wataalamu wa elimu ya watu wazima wamelisema hili kwa muda mrefu. Malcolm Knowles wa Marekani alilifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1970: mtu mzima huja darasani na uzoefu, na uzoefu huo ndio mtaji mkubwa wa kujifunzia. Paulo Freire wa Brazil alikwenda mbali zaidi. Aliikataa elimu aliyoifananisha na benki, ambamo mwalimu huweka akiba na mwanafunzi huwa sanduku tu. Vyuo vya Kikristo havina udhuru wa kumwona Freire kama mtu wa nje. Alikuwa Mkatoliki, alifanya kazi katika Baraza la Makanisa Duniani huko Geneva katika miaka ya 1970, na Tanzania alifika. Katika kozi za misingi ya elimu jina lake halikosi kutajwa. Wiki ya kwanza linasahaulika.

Mfano wa karibu zaidi uko hapahapa. Julius Nyerere alipata stashahada ya ualimu Makerere, akafundisha katika shule ya Wakatoliki ya St. Mary's, Tabora, kuanzia 1946 hadi 1949, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alikuwa na umri wa miaka 27, na miaka mitatu ya kushika chaki. Aliporudi na shahada yake alifundisha St. Francis, Pugu, hadi 1955 alipolazimika kuchagua kati ya darasa na siasa. Jina la Mwalimu halikutungwa Ikulu. Katika ukumbi wa mafunzo elekezi, mtu kama Nyerere wa 1949 ndiye mwanafunzi wa kawaida: kijana aliyekwisha kufundisha, mwenye mawazo yake na maswali yake, anayengoja mtu amuulize.

Kuulizwa huko si jambo geni katika historia ya ualimu wa kanisa. Mwaka 1869 misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifungua shule Kiungani, nje ya mji wa Zanzibar. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na hapo waliandaliwa kuwa walimu na makasisi. Walitoka makabila mbalimbali ya bara, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Mwaka 1887 A. C. Madan, yuleyule wa kamusi za Kiswahili, alichapisha London kitabu chenye jina la Kiungani ndani ya jina lake. Ndani mlikuwa na maelezo ya vijana hao wenyewe, ambayo yeye aliyatafsiri: walikotoka, maisha ya kwao, walivyotekwa, njia ya kuja pwani.

Kilikuwa kitabu cha misheni, kilichokusudiwa wasomaji wa Uingereza, na mwenye jicho la leo atakuwa na mengi ya kukihoji. Lakini kitendo chenyewe kinastahili kutazamwa. Mwalimu alimwambia mwanafunzi: andika ulikotoka. Mtu fulani alitaka kujua yeye ni nani. Mwalimu wa uzamili aliyetoka Tunduru au Kibondo mwaka huu ana bahati akiulizwa swali hilo kabla ya wiki ya sita.

Ualimu huo wa misheni ulipita misukosuko. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia mikononi mwa serikali shule nyingi za makanisa, na kwa miaka mingi mafunzo ya walimu yakawa hasa shughuli ya dola. Mlango wa vyuo vikuu binafsi ulipofunguliwa katika miaka ya 1990, makanisa yalirudi kwa nguvu. Walutheri walianzisha Chuo Kikuu cha Tumaini mwaka 1997, Makumira ikiwa kitovu chake. Maaskofu Wakatoliki walianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) mwaka 1998 huko Nyegezi, Mwanza, na baadaye chuo chao cha elimu cha Mwenge, Moshi, kikapanda kuwa chuo kikuu kamili. Waanglikana walifungua St. John's, Dodoma, mwaka 2007, katika majengo ya shule ya Mazengo, ambayo zamani ilikuwa Alliance, shule ya makanisa. Majengo yale yamepokea wanafunzi wapya wa kanisa, kisha wa serikali, kisha wa kanisa tena. Kuta zake zina uzoefu wa mafunzo elekezi kuliko kamati yoyote.

Hapo linakuja swali ambalo ratiba nyingi hulikwepa: neno "Kikristo" katika jina la chuo lina maana gani kwa aliyekaa ukumbini?

Jarida hili halina ugomvi na ibada ya ufunguzi. Chuo cha Kikristo kisichosali siku ya kwanza kingekuwa kinawadanganya wageni wake. Ugomvi ni pale ibada inapofanya kazi isiyo yake. Maswali ya tasnifu hayajibiwi kwa pambio, na mwanafunzi asiye Mkristo hawezi kuambulia haki zake kwa kukisia kutoka katika mahubiri. Wanafunzi Waislamu wako katika vyuo hivi, kama walivyo Wakristo wanaosoma Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanza mwaka 2005. Wanakaa dawati moja, wanafundisha shule zilezile za kata. Mwanafunzi wa namna hiyo ana maswali rahisi. Ibada ya katikati ya wiki ni lazima kwangu? Mitihani ikipangwa Ijumaa mchana itakuwaje? Mavazi yangu yana tatizo? Mfungo wa Ramadhani ukikutana na mazoezi ya kufundisha nimwone nani?

Kwa upande wa Wakatoliki jibu la msingi limeandikwa. Waraka wa Papa Yohane Paulo II kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, uliotolewa tarehe 15 Agosti 1990, unataka mafundisho ya Kanisa yaathiri shughuli zote za chuo, na papo hapo unataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Mambo hayo mawili yamo katika kifungu kimoja. Ni vigumu kuyashika yote kwa pamoja, na ugumu huo ndio wenye mafunzo kwa mwalimu, kwa sababu kesho atasimama mbele ya darasa lenye Asha na Maria na Mungu atakayetajwa kwa namna mbili. Kwa nini lisijadiliwe waziwazi siku ya pili, kwa dakika arobaini, katika makundi ya watu sita? Yesu mwenyewe, katika kisa pekee cha ujana wake kilichomo katika Injili, anaonekana hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na akiuliza. Yaani safu yake ya mwanafunzi ilikuwa na vitenzi viwili.

Jambo jingine linaloahirishwa ni utafiti, nalo ndilo linalowaangusha wengi. Mwanafunzi husikia siku ya kwanza kwamba "ataandika tasnifu". Hasikii kwamba ili aingie katika shule tatu za msingi atahitaji barua ya chuo, aipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, apewe barua ya Katibu Tawala wa Wilaya, kisha ya Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo afike kwa mwalimu mkuu, ambaye siku hiyo yuko semina. Aliyekwisha kuizunguka njia hiyo anaweza kuieleza kwa nusu saa na kuokoa miezi. Yuko palepale chuoni, mwaka wa pili. Haalikwi.

Na kuna lugha. Vyuo vingi hudai tasnifu za elimu kwa Kiingereza, ilhali shule za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili na walimu wake huhojiwa kwa Kiswahili. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu za Kiswahili zinaandikwa na kutetewa bila anga kuanguka, lakini mwanafunzi wa uzamili wa elimu kwa kawaida atavuka mpaka huo mara mbili: hojaji kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, majibu kurudi Kiingereza. Mtafiti anataka kujua msukumo wa ndani wa mwalimu kuipenda kazi yake. Anaandika "motisha". Mwalimu wa kijijini akisikia "motisha" anasikia posho, nyumba ya kuishi, fedha za likizo. Anajibu hivyo, kwa uaminifu kabisa. Msimamizi anaisoma sura ya nne na kushangaa kwamba walimu wote wanawaza pesa. Kosa lilifanyika kwenye neno moja, na zoezi la saa moja katika wiki ya kwanza, la kutafsiri maswali matano na kuyajaribu kwa jirani, lingelifichua.

Watendaji wa vyuo watauliza, kwa haki, mambo ya ada, vitambulisho, bima ya afya na nywila za maktaba yasemwe lini. Yasemwe kabla. Yaandikwe kurasa nne kwa Kiswahili kilichonyooka, yatumwe pamoja na barua ya udahili. Kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya huundwa kabla hata geti halijafunguliwa, na humo maswali ya malipo hujibiwa usiku wa manane na mtu asiyelipwa. Ofisa mmoja wa chuo akiwa humo, hotuba tatu zinafutika kwenye ratiba.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Tanzania Januari 2024, unamtaka mwalimu ajenge umahiri, yaani mwanafunzi atende. Walimu wengi wanarudi chuoni kwa sababu ya dai hilo, wakitaka kuliona likifanywa na wanaolihubiri. Makala za toleo hili zinalitazama jambo hilo kutoka pande kadhaa, na si zote zinakubaliana na mhariri.

Kwa vyuo vinavyojiandaa kupokea kundi jipya, jarida lina ombi. Jazeni andalio la somo la siku ya kwanza, safu zote mbili, mlitume. Maandalio yatakayofika yatachapishwa bila kutaja chuo, pamoja na ile sehemu ya mwisho ya maoni ya mwalimu, mradi iwe imejazwa baada ya somo na si usiku wa kuamkia.